Tuse Kaninyima Maiki

Jumatatu, 5 Oktoba 2009
Leo Mchina kapigana na watu arobaini. Mimi nikawaongeza, wakafika mia. Banda la video lilijaa: madereva waliokwama mpakani, wauza mchele, vijana wa kubadilisha kwacha. Umeme ukakatika. Nikaendelea kutafsiri gizani mpaka Mchina akaoa, na hakutoka mtu. Nani mwingine anaweza, Tunduma hii? Hata Mbeya hayupo. Kichina sikijui. Kiingereza niliachana nacho darasa la tano. Mimi sura ya mtu inanitosha.

Ijumaa linaanza tamasha la muziki na filamu za hapa hapa kwetu. Tusekile, mtoto wa dada yangu, ni mmoja wa waandaaji. Na filamu katengeneza mwenyewe. Maiki ni yangu, halina mjadala hilo. Nimeshatangazia mtaa mzima.

Jumatano, 7 Oktoba
Hasira mpaka ugali haupiti.

Tuse kaja. Shikamoo mjomba, kakaa vizuri, kisha kanichoma. Filamu yake haitafsiriwi. Inamhusu mama yake na baba yake aliyekwenda Zambia kutafuta kazi akapotelea huko. Kumbe Tuse kafika huko huko, Kitwe, na kamera. Kaonyeshwa kaburi la baba yake.

"Mama nimemwambia, hasadiki," akasema. "Anasema wewe ulimwona shemeji yako sokoni Kitwe. Sasa ataliona mwenyewe. Na wewe, mjomba, usiongeze neno hata moja."

Mtoto niliyembeba mgongoni kutoka Ileje, mvua inanyesha, simba anatufuata! Ananifunga mdomo. Na mambo ya nyumbani anayatundika kwenye shuka la sinema watu wayaone kwa kiingilio.

Nilimwona shemeji Kitwe. Mwendo ule ule. Mwaka ule dada alikuwa hali, halali. Nikamletea salamu za mumewe, akala. Nani mwingine alimlisha? Tuse alikuwa ananyonya.

Ijumaa, 9 Oktoba
Nimekwenda tamashani nione linavyoharibika. Halikuharibika. Hilo nalo limeniudhi.

Ukumbi ule nyuma ya maegesho ya malori. Watoto wa Isansa wanachana mistari kwa Kinyiha, haraka kama wanafukuzwa. Wazee watatu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wamekuja na magitaa, wakatusalimu kwa Kibemba, mulishani, mulishani, wakapiga mpaka mama ntilie wakaacha masufuria. Nilicheza. Kwa hasira, lakini nilicheza, na watu waliniachia nafasi.

Ikaja filamu ya wezi wa kahawa. Mwizi kapigwa risasi, kafa, kisha kainuka kidogo kurekebisha kofia. Ukumbi ukavunjika mbavu. Wakaanza: "Mjomba! Tafsiri! Kofia inasema nini?" Nikasimama. Kijana mwenye kitambulisho shingoni, hata ndevu hana, akaniambia, "Mzee, kaa, unaziba picha." Mimi! Naziba picha!

Kesho ni ya Tuse. Wakiniita tena nitasimama. Sijali.

Jumamosi, 10 Oktoba
Walijaa mpaka madirishani. Dada kakaa mbele, kavaa kitenge cha kanisani. Mimi nyuma, kwa makusudi.

Filamu inakwenda polepole. Mwanamke anapalilia. Mwanamke anachungulia barabarani kila lori likipita. Hakuna ngumi, hakuna wimbo. Dakika kumi watu wakachoka. Mmoja akapaza sauti, "Mjomba, huyo bwana mbona haji?"

Nikasimama. Maiki ya nini? Sauti ninayo. "Yuko njiani! Lori limemharibikia Kapiri, anabadilisha tairi kwa meno! Kamnunulia mkewe cherehani!" Ukumbi ukalipuka. Makofi. Tuse akaacha mashine yake ya picha akaja mbio, machozi yanamtoka, ngumi kaikunja. Ningeendelea. Nilikuwa nimeshampandisha shemeji kwenye lori.

Dada hakugeuka hata shingo.

"Kaka, nyamaza. Naangalia."

Hakupayuka. Lakini wote walisikia. Nikakaa.

Likaja kaburi. Nyasi, msalaba wa chuma, jina la shemeji kwa rangi nyeupe. Dada akainuka, akasogea mpaka kwenye shuka. Picha ikamwangukia mgongoni, kivuli chake kikafunika jina. Hakuna aliyemwambia anaziba. Akaweka kiganja pale. Akarudi akakaa.

Jumapili, 11 Oktoba
Nina hasira na Tuse. Na yule aliyeniita. Na wazee wa Nakonde pia, walifunga tamasha kwa wimbo wa polepole na watu wakalia kama wajinga. Dada kaomba ibada ya marehemu. Kaniagiza niwaambie ndugu wa Ileje. Nimewaambia. Maneno machache tu.

Wenye banda la video wametuma mtu mara mbili. Nimesema koo linauma.

Jumamosi, 17 Oktoba
Dada kaja mchana. Kavaa nyeusi. Kaleta viazi. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa na majibu. Hakunitukana.

Akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya. Akasema, "Nipe hadithi, kaka. Isiwe ya Kitwe."

Nikaanza ile ya chatu niliyemburuta kutoka Mbangala. Nilipomfikisha mtoni nikaishiwa maneno. Sijawahi kuishiwa. Dada akaendelea kumenya.

Nikatafuta kisu kingine. Tukamenya vyote.