Mfuko wa Sukari Umerudi Matombo

Jumatano. Ukungu umekalia mlima wetu huku Matombo tangu asubuhi, na ndiye mgeni pekee niliyempata wiki hii.

Mfuko wangu umerudi.

Nilimpelekea binti yangu Skolastika, yuko Morogoro mjini kwa mumewe, ana mimba ya miezi saba. Sukari, na ndizi mbivu nilizozivundika mwenyewe. Leo dereva wa gari la matunda kanirudishia vilevile, fundo nililolifunga halijaguswa.

"Shikamoo bibi. Skola anasema asante, ila kliniki wamemkataza. Ana kisukari cha mimba. Eti kinaweza kumfikia mtoto hadi kwenye ubongo."

"Marahaba. Ujinga huo uliopakia mjini ungeushusha hukohuko."

Akacheka, akaondoa gari. Nikabaki barabarani na mfuko wangu kama mwanamke aliyerudishwa kwao.

Anayesoma daftari hili na acheke, darasa la nne langu linanitosha. Nilipokuwa na mimba ya Skola, sukari ilikuwa ya foleni. Unaamka alfajiri, unapanga mstari, unarudi mikono mitupu. Nilikunywa uji wa chumvi mpaka nikajifungua. Nikaapa: huyu akija kubeba mimba yake, utamu hataukosa. Sasa biashara imefunguliwa, hata kibanda cha njia panda kimejaa sukari, soda zimepangwa kama watakatifu kanisani. Ndipo wanakuja kuniambia ni mbaya!

Hasira zikanipeleka zahanati ya misheni. Nesi wa pale namjua tangu kamasi zikimtoka. Nikamsimulia habari ya mfuko na maneno ya dereva, nikamuuliza wazi, "Mjukuu wangu atazaliwa zuzu?"

"Bibi, punguza sauti, kuna wagonjwa."

"Wagonjwa wasikie, watajifunza. Nijibu."

Akanikalisha, akanieleza. Sukari ikizidi kwenye damu ya mama, inavuka kwa mtoto. Mtoto ananenepa kupita kiasi, na ubongo wake unakulia humohumo kwenye utamu usio na kipimo. Wapo watoto wanaokuja kuchelewa kusema, au wanaoshindwa kutulia darasani. Si wote, wengi wanakua vizuri tu, na wataalamu wenyewe bado wanachunguza. Ila Skola akishika masharti ya chakula, akitembea, akipimwa kila anapoitwa, anamkinga mwanawe.

"Ndiyo maana karudisha mfuko, bibi. Hajakukataa wewe."

Sikuwa nimemwambia kwamba nimekataliwa.

Nimerudi nyumbani. Vyumba vitatu, mdomo mmoja. Tangu mzee wangu azikwe napika maharage huku naisemesha sufuria, na sufuria haijawahi kunibishia. Jioni hii nimeigombeza kweli, mpaka nikajionea aibu.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Binti ninaye mmoja tu, Skola. Huyo aliye tumboni ndiye ukoo wetu wenyewe. Nimharibu kwa mkono wangu, tena kwa mapenzi? Halafu nikamlilie nani, sufuria?

Sukari nimempa jirani. Ndizi kala nguruwe wake, kafurahi, mimba hana.

Jumamosi nateremka mjini. Nitabeba mchicha, maharage na matembele ya bondeni. Samahani sitamwomba, mimi ndiye niliyemzaa. Nitamwambia tu, "Nyanyuka, tutembee, umekaa mno." Akikataa chakula changu, na akikatae nikiwa nimekaa mbele yake. Kukataliwa kwa kupitia dereva, hapana.

Na mtoto akichelewa kusema?

Achelewe. Mimi nimejaa maneno humu ndani, hayana pa kwenda. Nitamsemesha asubuhi, nitamsemesha mchana, nitamsemesha akila na akioga, mpaka siku atakayochoka, afungue kinywa chake, aniambie: "Bibi, nyamaza."