Sindano za Mchina wa Masasi

Jumanne, 9 Januari 1996

Nimepalilia muhogo mpaka mvua iliponirudisha. Mama alikuwa mlangoni anapeta kunde. Baiskeli yoyote ikipunguza mwendo njiani, ungo unasimama. Baba alikwenda Tandahimba kwa baiskeli yake, kufanya kazi na wanunuzi wapya wa korosho, wale wenye malori. Msimu umekwisha. Malori yamepita hapa Newala, yeye hayumo.

Matokeo ya kidato cha nne bado. Sitarajii kitu.

Alhamisi, 11 Januari

Mama ameamua kuwa naumwa. Kwa sababu sisemi. Sijawahi kuwa msemaji, lakini sasa anaogopa. Mama mdogo, anayekaa Masasi, amemwambia huko kuna Mchina anayetibu mawazo kwa sindano. Nimekubali ili aache kunitazama.

Jumatatu, 15 Januari

Tumelala kwa mama mdogo. Alipoambiwa sindano zenyewe hazina dawa ndani alicheka sana. "Basi hata mimi ninazo, za cherehani."

Mchina alitazama ulimi wangu. Akashika mshipa wa mkono, muda mrefu. Kisha akauliza nasikia nini. Anayemtafsiria ni Dada Agnes, mwenyeji wa Lulindi.

Kwetu mgonjwa hajielezi. Anasema aliyemleta, iwe kwa mganga, iwe hospitali. Kwa hiyo alisema mama. Usiku halali, alisema. Alfajiri moyo unamwenda mbio. Vidole vinamfa ganzi. Chakula kinamkaba. Baiskeli ikisimama nje, tumbo linamkata.

Mimi nalala kama gogo. Vidole vyangu ni vizima. Yote yale yalikuwa ya mama.

Sikufungua mdomo. Nikachomwa sindano za kwake: miguuni, mikononi, katikati ya nyusi. Nyembamba kama unywele. Haziumi. Mama alikaa kwenye benchi, amenishikia viatu. Nikalia.

"Vizuri," alisema Dada Agnes. "Mawazo yanatoka."

Hayakuwa mawazo. Ilikuwa aibu.

Jumatano, 17 Januari

Tumerudi nyumbani na mizizi ya kuchemsha. Harufu yake ni ya udongo na pilipili manga. Nilimwambia mama aonje, huenda imezidi uchungu. Akasukuma bakuli.

"Dawa yako hiyo, Somoe. Mimi nikiinywa si nitauchukua na ugonjwa wako?"

Nikainywa yote. Nilitaka kulipasua bakuli.

Usiku namsikia akigeuka kitandani. Kukicha ananiuliza mimi kama nimelala.

Ijumaa, 19 Januari

Masasi tena. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Tulipofika nikamnong'oneza Dada Agnes: mgonjwa ni mama. Akamtafsiria Mchina kwa sauti yake ya kawaida, kisha akayarudia kwa Kiswahili. Mchina akatandika shuka safi, akamwonyesha mama kitanda.

Mama akainuka. "Mimi nina palizi inaningoja. Nani kakwambia naumwa?"

Akamwomba Mchina radhi kwa ajili yangu, kana kwamba nimemmwagia chai. Akatoka nje.

Dada Agnes akanibonyeza mkononi, kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. "Mfanyie hapa. Polepole. Hii haitaki kitanda."

Kwenye gari mama alikaa dirishani. Alitazama kila baiskeli tuliyoipita. Mara moja maishani nimethubutu kusema, na haikusaidia kitu. Sina tumaini.

Jumapili, 21 Januari

Mvua tangu asubuhi. Mama alikuwa jikoni, ametulia, ungo uko chini. Nikaketi karibu yake nikauchukua mkono wake. Nikasema najifunza tu, sina mwingine wa kujifunzia.

Akaniachia. Mkono mkavu, mgumu, wa baridi.

"Kidole chako kizito," alisema. Hakuuvuta. Akafumba macho.

Baiskeli ikaja njiani, ikapunguza mwendo kwenye tope. Mkono ukaruka chini ya kidole changu. Ikapita.

Sikuuachia.