Oil ya Giaboksi Iliyokufuata Kaburini

Baba Kemi,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Uko hapo tu kibanjani, kwenye migomba nyuma ya jiko, ningeweza kuja nikakwambia kwa mdomo. Lakini mama yako anakaa hapo asubuhi na jioni, na mimi mbele yake maneno hayatoki. Halafu mtoto bado ananyonya usiku kucha. Nikikaa tu nasinzia. Ndiyo hivyo.

Ile harufu iliyokufikia wiki hii ni mimi. Ngoja nieleze.

Tangu tuondoe matanga pikapu yako naiendesha mwenyewe. Napeleka ndizi za akina mama wa huku Nyakasimbi sokoni Omurushaka, tunapata cha kula. Sasa gia ya pili ikaanza kusaga, kila nikiingiza inakataa. Na mdogo wako Deusi alikuwa ameshaniambia, "Shemeji, gari la marehemu litakufia mkononi. Jumamosi naleta mtu alinunue." Nikaona nibadilishe oil ya giaboksi kabla hawajafika, gia ziingie vizuri, akose la kusema. Si nilikuwa nakushikia tochi? Ulikuwa unasema kutoka chini ya gari, "Mama Kemi, nikiomba spana ya ishirini na nne ukanipa ya kumi na saba, leo tunalala hapa hapa."

Ijumaa nikapiga jeki, nikaweka mawe, nikamwacha mtoto na Kemi. Nikafungua bolti ya chini. Oil ikatoka nyeusi, ikajaa kwenye beseni la kuogeshea mtoto. Nikaona kazi imekwisha. Kisha nikageukia bolti ya pembeni, ya kujazia. Ikagoma. Nikachomeka bomba kwenye spana nikavuta kwa uzito wangu wote. Kichwa cha bolti kikalika, spana ikachomoka, nikaenda chali, kisigino kikapindua beseni.

Oil ikashika ule mtaro uliouchimba wa maji ya mvua. Unajua unakoelekea. Siku tunakuzika hakuna aliyeufikiria mtaro.

Nilikaa chini nikaiangalia inavyokuja kwako. Sikuchukua hata jembe niizibe. Niliangalia tu, kama mambo ya jirani.

Mama yako akatoka jikoni na ungo wa majivu. Nikajua sasa nitasemwa mpaka Kituntu wasikie. Akachuchumaa kaburini, akamwaga majivu, akayasambaza kwa kiganja. Akauliza, "Mkamwana, gari limekufa?" Nikasema, "Halijafa, mama. Limekauka." Akagusa udongo wa kaburi, akasema, "Huyu nilimpa sabuni ya mche mpaka nikachoka, harufu hii haikumtoka. Na leo imemfuata." Akacheka, peke yake. Mimi kicheko hakikuja, ila nilimsogelea nikasaidia majivu.

Jumamosi Deusi akaja na mnunuzi, mtu wa Kayanga, mnene, mpole. Akaingia kwenye gari, akaomba ufunguo ili alijaribu hadi barabarani. Hapo nikasimama. Ningenyamaza, lingeonekana zima, lingekwenda, na giaboksi ingesagika kabla ya kufika Kanoni. Ningesema, Deusi angepata alichokuwa anakitafuta. Nikasema, "Usiliwashe. Halina oil kwenye giaboksi, nimemwaga na bolti ya kujazia imegoma."

Deusi akapiga makofi. "Umemwaga kabla hujajua kama utajaza? Na maharage ndivyo unavyopika?" Mnunuzi akashuka, akafunga mlango taratibu. Akasema yeye gari lililofunguliwa nyumbani hanunui, wakilitengeneza wamwite. Akaondoka na bodaboda ile ile iliyomleta.

Deusi akasema atarudi kahawa ikishavunwa, na kamba ya kulivutia. Mama yako akamjibu bila kuinua kichwa, "Ukirudi hapa njoo na oil. Usije na mtu."

Kwa hiyo bado tunalo, Baba Kemi. Limekaa juu ya mawe. Kuku wanalala chini yake. Mtoto anaogea kwenye ndoo.

Lala salama hapo ulipo, majivu nimeyaongeza. Nakuahidi gari halitoki kwenye uwanja huu ila likiwa linatembea na mimi nimeshika usukani. Na bolti ya kujazia nitafungua kwanza, kila mara, hata nikiwa nimelala macho wazi.

Kama huko kuna njia ya kutuma, nahitaji hivi: bolti ya kujazia, mpya, maana hii imeshakuwa duara. Washa ya shaba, ile pete ya bolti ya chini. Spana yako ya ishirini na nne, au tu uniambie ulikoiweka, nimepekua hadi darini. Usiku mmoja mzima mtoto asiamke. Na namba ya oil uliyokuwa unanunua, ile inayoandikwa kwenye kopo. Dukani waliniuliza, nikasimama pale mpaka wakahudumia wengine.

Ukiona ni vingi, anza na namba.

Mama Kemi