Nafasi ya Shabani Golini

Mnyuzi, Jumatano, 1974

Nimefungwa mabao mengi mpaka nikaacha kuhesabu, na goti limevimba. Hata hivyo leo nina nafuu kidogo moyoni.

Nilipoanza kudaka, na kitambi changu hiki, mke wangu alisema nimechanganyikiwa. Labda. Lakini vijana hawakosi kuja kunicheka, na wakiwa hapa wananicheka, hawako stesheni na lile genge linalodandia treni ya mizigo na kuiba magunia. Genge hilohilo ndilo lililoondoka na mwanangu Shabani. Wanasema yuko Tanga. Wanasema mengi.

Leo alikuja Rajabu, mtoto wa jirani, ambaye genge limekuwa likimwita kila siku.

"Shikamoo Baba Shabani. Hivi unadaka mpira au unafukuza kuku?"

"Marahaba. Piga kwanza, ndipo uongee."

Akapiga. Nikaruka kulia, mpira ukapita kushoto, tena taratibu kabisa. Wenzake wakagaagaa kwa kicheko.

Mara treni ya mizigo ikapiga honi. Rajabu akageuka, akatazama relini. Nilibaki chini vilevile, naogopa hata kujifuta vumbi.

Kisha akaufuata mpira. "Inuka, mzee. Bado sijamalizana na wewe."

Tulipokuwa tunaachana akaniuliza kwa nini hatutafuti kipa wa kweli.

Nikamwambia kipa yupo, amesafiri tu. Mimi namshikia nafasi yake mpaka arudi.