Jina Nililolitaja Mimi

Jumamosi, mwezi wa saba, saa kumi jioni.

Baridi ya Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, leo haina adabu. Upepo umeamka na vumbi jekundu, na tangu asubuhi nimeshona nikiwa nimevaa makoti mawili. Nina hasira, ila si ya kupiga kelele. Ni ile inayomfanya mtu afagie nyumba mara mbili.

Kesho nabii anarudi kanisani kwetu, na mkalimani wake ni mimi.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: naitwa Bahati, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, fundi cherehani, mkimbizi kwa miaka kumi na mitatu sasa. Wageni wakija kutoka Lilongwe huhubiri kwa Kiingereza, nami nageuza kwa Kiswahili. Kiingereza nilikipata shuleni. Kichewa walinifundisha wauza vitambaa wa Mchesi, soko la Lilongwe, ambao hawampunguzii bei mtu asiyejua kusalimia.

Mkalimani wa makanisa yetu hasimami tu na kusema. Mhubiri akitembea, unatembea naye. Akiinua mkono, unainua wako. Akitoa mfano ambao watu wetu hawataupata, unawatafutia wa kwao: akisema treni, wewe unasema boti ya Ziwa Tanganyika. Wamama huniambia, "Dada Bahati, we unatafsiriaka na moto." Nilipenda kusikia hivyo. Nilipenda kupita kiasi, na dhambi yangu ilianzia hapo.

Jumapili tatu zilizopita alikuja nabii huyu, anayeishi Area 47, mtaa wa wenye fedha Lilongwe. Kijana mtanashati, sauti nzuri, viatu visivyojua vumbi. Alihubiri habari za Yabesi, yule mtu wa Maandiko ambaye mama yake alimwita jina la uchungu kwa sababu alimzaa kwa uchungu. Akasema jina la huzuni ni kufuli. Faili yako haisogei ofisini? Jina limeifunga. Mimba zinaharibika? Jina. Ibrahimu alibadilishiwa jina, Yakobo alibadilishiwa, wewe unangoja nini?

Akataja mifano: Mavuto, Masautso. Ni majina ya Kichewa, yenye maana ya shida na mateso, na watu wetu walibaki wakimtazama tu. Hayakuwagusa.

Nikawatafutia ya kwao.

Nikasema, "Mateso! Machozi! Masumbuko!" Nilisema kwa moto wangu wote, mkono juu, na kanisa zima likageuza vichwa kwenye benchi la tatu, upande wa akina mama.

Hapo alikuwa amekaa Masumbuko, rafiki yangu. Tunashona kibanda kimoja, cherehani zetu zinatazamana. Ni mtu wa Fizi. Mama yake alimzaa njiani wakati wa kukimbia, kwenye shamba la mihogo la mtu wasiyemjua, akamwita jina la siku ile. Mama huyo alishafariki. Hakumwachia mtoto wake picha wala kitambaa, alimwachia jina. Na mimi nikalitaja mbele ya watu kama ugonjwa.

Siku ile sikuona kosa lolote. Nilikwenda nyumbani nikala nsima yangu, ugali wa hapa, nikiwa na furaha, kwa kuwa nabii alinishika mkono akaniambia mimi ni chombo.

Baada ya ibada ile kila mwenye "jina baya" aliambiwa aandike jina jipya kwenye karatasi, aliweke kwenye bahasha pamoja na sadaka, nabii akaombee mlimani. Kesho ndiyo siku ya kuyatangaza. Masumbuko amechagua Ushindi. Jumatatu iliyopita nilifika kazini nikamkuta amepanda kwenye kiti na wembe mkononi. Kibao chetu kilikuwa kimeandikwa BAHATI NA MASUMBUKO COUTURE. Alikuwa anakwangua. Sasa kinasomeka BAHATI NA, halafu mbao tupu, halafu COUTURE.



Na Jumanne ijayo ana mahojiano Lilongwe, ya kuhamishiwa nchi nyingine. Miaka tisa amengoja kuitwa. Alipokuwa anakwangua aliniambia, bila kunigeukia, "Siku ya mardi nitabaambia jina yangu ni Ushindi. Masumbuko nimeshamuzika. Mama yangu alinifunga, Bahati. Alinifunga akiwa anaona."

Aliye kambini hahitaji kuelezwa maana yake. Kaka yangu faili yake ililala miaka minne kwa sababu herufi moja ya jina ilitofautiana kwenye karatasi mbili. Sasa wewe ingia mbele ya ofisa, faili inasema Masumbuko, mdomo unasema Ushindi. Atafikiri umenunua nafasi ya mtu. Mlango ambao nabii anasema utafunguka ndio huo huo utakaofungwa, na atakayebaki nje ni Masumbuko na watoto wake watatu. Nabii atakuwa Area 47.

Lakini naomba niseme ukweli: kilichoniuma zaidi ya faili ni lile neno kuhusu mama yake. Mwanamke aliyezaa shambani, akakata kitovu, akabeba mtoto akaendelea kutembea, leo anaitwa mchawi wa mtoto wake. Na injili hiyo imepita mdomoni mwangu.

Usiku wa Jumatatu nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kushika maiki. Nilifungua Maandiko nikasoma habari za Yabesi mpaka mwisho. Ni mistari miwili tu. Mistari miwili, nami sikuwahi kuimaliza! Yabesi alimwomba Mungu, na Mungu akampa alichoomba. Jina halikubadilishwa. Alibarikiwa akiitwa Yabesi, na habari zake zikaishia akiitwa Yabesi. Naye Ibrahimu, Mungu ndiye aliyembadilishia, hakuleta bahasha, na baada ya kupewa jina jipya aliendelea kulala kwenye hema. Sisi watu wa mahema tungepaswa kuliona hilo kabla ya wengine wote.

Nimelifikiria wiki nzima, nikikata vitambaa. Mafundisho ya uongo hayaji kanisani na pembe. Yanakuja na mstari wa kweli uliokatwa katikati. Kila nikiuliza swali moja, yanaanza kuyumba: kama jina langu ndilo kufuli, na bahasha ndiyo ufunguo, basi Kristo alikufa kwa kazi gani?

Tena mimi naitwa Bahati. Jina lingekuwa linafungua mipaka, ningekuwa nimeshahama hapa zamani, ningekuwa nalalamikia theluji.

Alhamisi nilikwenda mjini kununua zipu na nyuzi. Nilipomaliza Mchesi nikapanda hadi Area 47, nikamtafuta nabii nyumbani kwake. Sikutaka kumsema kabla sijamuuliza. Alinipokea vizuri, akanipa chai. Nilimweleza kwa heshima habari ya mwisho wa Yabesi, na habari ya mahojiano. Akatabasamu. Akaniuliza nilisoma chuo gani cha Biblia. Nikasema sikusoma chuo, nimesoma mistari miwili.

Akacheka kidogo, halafu akaniambia kazi yangu ni kutafsiri, si kufundisha. Kisha, kwa sauti ileile tamu, akasema anafungua mikutano mikubwa Lilongwe na anahitaji mkalimani wa kudumu kwa ajili ya Wakongo. Kila wiki, na usafiri juu yake. Alisema hakuna anayeshika maneno yake kama mimi.

Nitakiri jambo hapa. Kutoka kwake mpaka Lumbadzi, ninaposhukia gari, nilikuwa nahesabu moyoni jinsi maisha yangu yatakavyokuwa. Cherehani mpya ya umeme niliiona kabisa. Nilishuka Lumbadzi na mzigo wangu wa zipu, vijana wa kabaza, baiskeli za abiria, wakaniita nipande, "Amayi, tiyeni," nami nikasimama tu kando ya barabara nikijionea aibu. Nilikuwa nimekwenda kumwokoa mtu, nikarudi nimepewa bei yangu.

Jana nilimwendea Mchungaji wetu. Ni mzee wa Uvira, mtu mwema, amezika watu wengi hapa kambini na hakuwahi kudai kitu. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia yake magotini.

"Dada Bahati," akasema, "mi najua. Ile siku nilisikia vile roho inakataa. Lakini prophète aliahidi mabati ya kanisa. Tungoje kwanza mabati ifike, njo tutamuambia pole pole."

"Mchungaji, Masumbuko anaenda ofisini mardi. Mabati itafika lini?"

Mvua ya mwaka jana iliingia kanisani mpaka tukahamisha madhabahu, najua hilo, nilishika mguu mmoja wa meza. Simlaumu. Kondoo wakinyeshewa, mchungaji anaweza kukodisha zizi kwa chui bila kutaka. Mwisho akasema hatanikataza kusema, ila hawezi kuniambia niseme. Nikamwambia hiyo inatosha.

Leo asubuhi nikaja kazini mapema, nikamngoja Masumbuko. Nilikuwa nimepanga maneno mengi: Yabesi, Ibrahimu, faili, ofisa. Alipokaa kwenye cherehani yake, yote yakanikimbia. Nikabaki na moja.

"Masumbuko, ile jina yako prophète hakuitaja. Yeye alitaja ya Bachewa. Ni mi njo niliitaja yako. Niliitafuta mimi mwenyewe juu bantu bashituke."

Aliendelea kukanyaga cherehani. Alimaliza upindo wa sketi yote, akakata uzi kwa meno, akaikunja. Ndipo akanitazama.

"Miaka yote hii tunashona pamoja," akasema. "We kila siku unaniita ile jina. Unaniita unipe mukasi, unaniita tukule. Kumbe ulikuwa unaona ni mubaya?"

Nikasema hapana. Nikasema sikuwa nimefikiri chochote, nilitaka tu kutafsiri vizuri. Machozi yakanitoka, na sikuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na chaki. Nikamsomea mistari ile miwili. Akaniomba niisome tena. Nikaisoma tena, polepole, bila moto.

"Basi Yabesi alibakia Yabesi," akasema.

"Alibakia."

"Na mama yake haikuwa mulozi."

"Hakuna mahali bameandika vile."

Akainamisha kichwa kwenye meza ya cherehani, mabega yakatikisika. Nilimwacha alie. Mteja alikuja kuchukua suruali, akatuona, akaomba radhi kwa Kichewa, zikomo, akaondoka bila suruali yake.

Alipoinua uso nilimuuliza kuhusu Jumanne. Hakunipa jibu nililolitaka. Alisema hivi, na nimeyaandika kwenye karatasi ya vipimo nisiyasahau: "Bahati, kama uliniambia hapa kwa kibanda, ni sisi wawili. Lakini jina yangu uliiharibu mbele ya bantu bote. Kesho bataniita pale mbele baniite Ushindi. Kama uliisema mbele ya bantu, irudishe mbele ya bantu. Njo nitajua kama unaamini ile unanisomea, ao unaogopa tu juu ya faili."

Ana haki. Kosa la hadharani haliungamwi chumbani.

Kwa hiyo nimeamua, na naandika hapa ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Kesho nitashika maiki kama kawaida. Nitatafsiri salamu zake, nitatafsiri maombi yake. Akifika kwenye majina, sitatafsiri. Nitamwambia kwa Kiingereza, kwa heshima, kwamba kuna neno langu mwenyewe ambalo lazima nilirekebishe kwanza. Kisha nitaligeukia kanisa na kusema kwa Kiswahili kwamba Jumapili ile jina la Masumbuko lilitoka kwangu, halikutoka kwa Bwana. Nitasoma habari za Yabesi mpaka mwisho. Ni mistari miwili, haitachukua dakika moja kabla mtu hajaninyang'anya maiki. Wakininyang'anya, nitamalizia kwa sauti ya kawaida. Fundi aliyezoea kubishana bei sokoni Mchesi hahitaji spika.

Naogopa? Naogopa sana. Wapo watakaosema nimempinga mpakwa mafuta. Wapo watakaosema mabati yamekosekana kwa ajili yangu, na mvua ya mwezi wa kumi na mbili itakapotunyeshea watanitazama mimi. Na mikutano ya Lilongwe nimeshaiaga, pamoja na cherehani yangu ya umeme.

Na nikijiuliza kama nitatafsiri tena baada ya kesho, sijui. Nikipewa nafasi, sitasimama tena madhabahuni na maneno ya mtu ambayo sijayasoma mwenyewe mpaka mwisho. Mdomo wangu nimewaazima watu vya kutosha.

Kabla hatujafunga kibanda, Masumbuko alitazama juu kwenye kibao. Nilikuwa nimenunua kikopo cha rangi nyeusi dukani kwa jirani, nikakiweka chini ya meza nikifikiri hajakiona.

"Usiandike leo," akasema. "Brashi iko ndani ya meza, kwa tiroir. Tutaangalia kesho, ibada ikiisha."

Nimekaa hapa sasa na Maandiko upande mmoja na kikopo upande mwingine. Herufi ni tisa. Nimezipima kwa utepe kwenye ile mbao tupu, na nafasi inazitosha.