Sugu za Kifuani

Jumanne

Yule nesi wa zahanati ya Kayanga bado simwamini. Mtu akinisukumia dawa ya kila siku kwa mtoto anayecheza, lazima nimtazame mara mbili.

Ndiyo maana dawa ya pumu ya mjukuu wangu Koku, ile ya kuvuta, nilikuwa naificha kwenye kapu la maharage. Nampa siku akibanwa tu, isiishe. Leo nesi kaniuliza kama nampa kila siku, nikamwambia ukweli.

"Bibi, kila mara mirija ya pumzi inapojibana, kuta zake zinaumia. Ikirudiarudia zinakuwa nene na ngumu."

"Hata bila moshi wala vumbi?"

"Hata bila. Kule kubanwa kwenyewe kunatosha."

Nikasema moyoni, huyu mwongo. Lakini jioni, nikipalilia kibanja, shamba langu la migomba, nikatazama viganja vyangu. Mpini wa jembe hauna sumu. Umebana tu miaka yote, na sugu hizi hazitoki hata niloweke mikono.

Sijui nimemwotesha Koku sugu ngapi kifuani, huyu aliyenifundisha herufi hizi ninazoandika.

Nikaacha jembe palepale, nikaenda kuitoa dawa kapuni. Koku alikuwa anamenya ndizi.

"Bibi, leo sijabanwa."

"Nani kakuuliza? Vuta."

Nesi bado simwamini. Dawa nimeitundika mlangoni.