Mika Alikohoa Mara Mbili

Jumamosi, Voi. Joto la kukausha mate. Upepo umeingiza vumbi jekundu hadi kwenye sufuria, na mvua za masika bado hazijaonekana.

Mama alifika saa nane kutoka Rukanga kunichukua, akiwa na mfuko wa pojo na habari njema. Kesho kanisani kutakuwa na sala ya shukrani kwa ajili yangu. Mtoto wao aliyeendesha mbwa kwenye barafu ya Alaska amerudi salama.

Nikaupokea mfuko, nikautazama.

Wiki ya tano hii tangu nirudi. Kila mtu ananiuliza kuhusu yale mashindano, nami nina jibu moja: baridi ilinishinda, nikajitoa. Wanacheka, wananipiga bega. Nani atashangaa baridi ikimshinda Mtaita? Kisha narudi kwenye chumba changu cha kupanga na kufunga mlango. Sijawahi kuwa mpweke hivi, hata kule nilikokaa siku nzima bila kuona binadamu. Kule nilikuwa na mbwa kumi na wawili wakivuta sleji yangu, kigari cha kuteleza juu ya theluji.

Nilirudisha kumi na mmoja.

Leo nilimketisha Mama kitandani, nikamweleza.

Mwenye mbwa ni Bi Marta. Alinikuta nikifunza mbwa wa kunusa kwenye ranchi hapa karibu, akanipa kazi kwake Alaska. Miaka mitatu nilifagia mabanda yake, nikajifunza, hadi akaniamini na timu yake kwenye mbio ndefu. Mbwa wa mbele aliitwa Mika. Yeye ndiye aliyewaonyesha wenzake njia hata upepo ulipoifuta.

Asubuhi ya siku ya saba ya mbio, kwenye kituo cha mapumziko, Mika alikataa chakula. Akakohoa mara mbili. Daktari wa mbwa alipita akaniuliza, "Wote wako sawa?"

Ningesema kweli, angemzuia Mika pale pale. Zilibaki siku mbili tu, na bila yeye nisingeipata njia. Nilitaka sana kufika.

"Wako sawa," nikasema.

Alasiri, katikati ya ziwa lililoganda, Mika alisimama, akalala kwenye theluji. Nilimfungua kamba, nikamtia kwenye mfuko wangu wa kulalia, nikabonyeza kitufe cha kuomba msaada. Wenzake walijikunja wakangoja. Pikipiki ya theluji ilipofika, alikuwa ameshakata roho mikononi mwangu.

Nilimwambia Bi Marta ilikuwa ghafla. Akanikumbatia, akanipa pole. Mimi.

Mama alinigeukia.

"Yule mama anajua?"

"Hajui."

"Sasa mbona unaniambia mimi kwanza?"

Akajitanda leso, akatoka nje.

Nikampigia Bi Marta simu. Hapa jua lilikuwa linashuka, kule kunakucha. Nilisema yote kwa pumzi moja, Kiingereza kikinipotea. Nyuma yake nilisikia mbwa wakidai chakula. Kisha akasema:

"Ulimwona anaumwa, ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Sitaki kuongea na wewe leo."

Akakata.

Mama aliporudi alinitazama usoni. Alikaa chini akaanza kuchambua pojo. Akasema atamwomba mchungaji aache ile sala. Nikamwambia hapana, nitampigia mwenyewe, na nikampigia. Mchungaji alitaka sababu, nikampa. Kesho kufika adhuhuri Rukanga nzima itakuwa imesikia, na sidhani kuna atakayenipiga bega.

Watu husema ukikiri unakuwa mwepesi. Mimi sijisikii mwepesi. Mika hayupo, na ningeweza kusema neno moja tu akabaki.

Mama amelala kitandani kwangu, nami niko sakafuni, naandika haya kwa simu. Nayarudia maneno ya Bi Marta, natafuta kitu ndani yake. Alisema hataki kuongea na mimi leo.

Je, iko siku atataka?